Friji ya Gesi au ya Stima? Mambo ya Kuuliza Kabla Kamati Haijatoa Pesa

(Haya ni mazungumzo ya fundi wa friji kwa kamati za zahanati za Meru, Tharaka na Embu. Tumeyaandika karibu kama alivyosema, tukiyafupisha mahali pachache.)



Nimeombwa nijibu swali ambalo limeletwa na kamati tatu tofauti: tukishachanga pesa za friji ya zahanati, tununue ya gesi au ya stima? Kuna na kamati ya nne, ya wale walio na gari la kliniki ya kuzunguka. Hao wamepewa na marafiki wa ng'ambo friji iliyotolewa kwenye karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo watu wa Ulaya na Marekani huivuta nyuma ya gari wakienda likizo. Wanauliza kama inafaa kwa chanjo. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Kwanza mnielewe kwa nini sitawajibu kwa neno moja. Friji ya nyumbani ikikosea, maziwa yanachacha, unayasikia kwa pua, unayamwaga na kulalamika kidogo, basi. Friji ya chanjo ikikosea hakuna harufu. Kichupa kinabaki na sura ile ile. Mama ametoka mbali kwa miguu na mtoto mgongoni, mtoto amedungwa, amelia, kadi imeandikwa, wamerudi nyumbani wakiwa na amani. Kumbe dawa ilikuwa imekufa wiki mbili zilizopita. Mama huyo hatajua. Muuguzi pia hatajua. Itakuja kujulikana siku kifaduro au surua itakapoingia kijijini na watoto wenye kadi zilizojaa waanze kuugua. Hicho ndicho tunachonunulia friji, si kitu kingine.

Chanjo zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Hapo kuna mipaka miwili, na watu wetu wengi huona mmoja tu. Wanaogopa joto. Wakiona barafu imejaa ndani ya friji wanafurahi, wanasema, "Hii ni friji kweli!" Mimi nikiona barafu hiyo naogopa. Chanjo ya sindano ile ya magonjwa matano kwa pamoja (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B na ule ugonjwa wa Hib), ambayo Kenya imekuwa ikiitumia tangu mwaka 2001, ikiganda inaharibika, na ukiiyeyusha hairudi tena. Ya pepopunda ni vivyo hivyo, na ya nimonia pia. Matone ya polio yanavumilia kuganda, lakini ndiyo yanayokufa upesi kwa joto. Na ile alama ya mraba iliyo kwenye kichupa, ambayo hubadilika rangi, inaonyesha joto peke yake. Haikuambii neno lolote kuhusu kuganda. Kwa hiyo muuguzi anaweza kuitazama, akaiona ni nzuri kabisa, na dawa iwe iliganda usiku.

Shikeni hilo la usiku, maana ndilo litakalotusaidia kuipima friji ya gesi.

Friji ya gesi ni kitu cha ajabu. Ilibuniwa mwaka 1922 huko Stockholm na vijana wawili wanafunzi, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaichukua mwaka 1925. Haina kompresa, haina mota, haina kitu kinachozunguka. Nyuma yake kuna mabomba yaliyofungwa yenye maji, amonia na haidrojeni. Moto mdogo unachemsha maji yenye amonia, amonia inatoka kama mvuke, inapanda juu, inapoa na kuwa kioevu. Halafu inashuka upande wa ndani, inakutana na haidrojeni, inageuka mvuke tena, na katika kugeuka huko inanyonya joto la chakula chako. Kisha maji yanaipokea, safari inaanza upya. Moto unaleta baridi! Wazee wengine bado hawaniamini nikieleza hivi.

Friji za namna hiyo, za gesi na za mafuta ya taa, ndizo zilizobeba mpango wa chanjo wa Kenya ulipoanza mwaka 1980 na miaka mingi baadaye, kwa sababu mashambani hakukuwa na njia nyingine. Tusizidharau. Lakini zina tabia zake.

Ya kwanza, friji hii lazima isimame sawa kabisa. Mambo yote yanayotembea ndani ya mabomba yanatembea kwa uzito wake yenyewe, kama maji ya mfereji. Ukiiweka kwenye sakafu iliyoinama, mfereji unakwama na baridi inaisha huku moto ukiendelea kuwaka na gesi ikiendelea kuliwa. Weka bakuli la maji juu ya friji uangalie, hiyo inatosha, si lazima fundi aje. Mmesikia pia ile dawa ya kienyeji ya kuigeuza friji kichwa chini, miguu juu, usiku mzima? Wakati mwingine inafanya kazi kweli, kwa sababu kile kilichokwama kwenye mabomba kinajichanganya tena. Lakini hata ikiamka, usirudishe chanjo ndani mpaka kipimajoto kimeonyesha vizuri siku mbili mfululizo.

Ya pili, moto hautambui hali ya hewa. Chukueni zahanati ya Tharaka au ya chini kule Mbeere. Saa tisa mchana chumba kina nyuzi 33 au 35. Friji ya gesi inahangaika, ndani inafika 10, 11. Muuguzi anaongeza moto. Usiku jua limekwenda, upepo umeingia, chumba kimepoa, moto ni ule ule alioongeza mchana. Alfajiri ndani ya friji ni chini ya sifuri, na chanjo ya magonjwa matano imeganda. Saa mbili asubuhi anafungua, anakuta nyuzi 4, anaandika kwenye karatasi "nzuri". Kule juu, Timau au juu ya Runyenjes, shida ya mchana ni ndogo, lakini baridi ya usiku wa Julai inaifanya hii ya kuganda kuwa mbaya zaidi. Kuna friji za gesi zenye swichi nzuri ya kurekebisha moto wenyewe, lakini ni chache, na swichi hiyo ndiyo ya kwanza kuharibika.

Ya tatu ni gesi yenyewe. Hebu tupige hesabu. Friji ndogo tuseme inakula gramu 400 kwa siku. Yako inaweza kula zaidi au pungufu, soma kibandiko kilicho nyuma yake. Mtungi wa kilo 13 ukigawanya kwa gramu 400 unapata siku 32. Kwa hiyo ni mtungi mmoja kwa mwezi, na mwingine lazima uwe umejaa umesimama kando. Si wa kuja kesho, ni wa kuwa hapo. Mwaka ni mitungi 11 au 12. Na bei? Mwaka 2016 serikali iliondoa kodi ya gesi ya kupikia, mwaka 2021 ikairudisha kwa asilimia 16, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi 8, mwaka 2023 ikaondolewa tena. Kamati iliyopanga bajeti yake mwaka 2020 ilijikuta imeumia mwaka uliofuata bila kosa lolote. Halafu kuna barabara. Sijapata kuona gari la miraa likikosa kufika Nairobi, mvua au jua. Lakini gari la mitungi likiona matope linarudi, na wakati wa mvua ndio akina mama wanapokuwa wengi shambani na muuguzi hana hata wa kumtuma.

Nimalizie gesi kwa jambo la usalama. Moto wa friji uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kutoa masizi, unatoa hewa ya sumu, ile ile inayoua watu waliofunga chumba na jiko la makaa. Gesi ikivuja haipandi, inashuka na kutambaa sakafuni, kwa hiyo chumba kiwe na matundu chini, si madirisha ya juu tu. Na mtu asilale ndani ya chumba hicho. Mlinzi ambaye anatafuta mahali penye joto kidogo mumwonye.

Sasa stima.

Watu wa Mbeere hawahitaji kuelezwa stima inatoka wapi. Kindaruma ilianza mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu miaka na miaka, na chini yake dispensari inatumia taa ya koroboi. Hilo limebadilika sana, tuseme ukweli. Tangu sheria ya mwaka 2006 ilipounda shirika la stima vijijini, na tangu mradi wa mwaka 2015 uliowaunganisha walio karibu na transfoma kwa shilingi 15,000 badala ya 35,000, nyaya zimefika mahali ambapo zamani tungecheka mtu akitaja. Kwa hiyo wengi wenu mnadhani swali limekwisha: stima ipo, tununue friji ya stima.

Mimi nauliza, ipo kwa saa ngapi? Shirika la Afya Duniani lina kipimo rahisi ambacho nakipenda. Kama mnapata stima saa 8 au zaidi kwa siku, na haipotei kabisa kwa zaidi ya saa 48, friji ya stima ya chanjo inatosha. Chini ya hapo, tafuteni njia nyingine. Sasa mtajuaje? Si kwa kukumbuka. Mtu akiulizwa atakumbuka ile siku ya harusi stima ilipopotea, na zile nyingine amesahau. Mpeni mlinzi daftari. Stima ikienda, aandike saa. Ikirudi, aandike saa. Fanyeni hivyo mwezi mmoja wa mvua na mwezi mmoja wa kiangazi. Daftari la shilingi chache litawaokolea pesa nyingi za harambee.

Na kuna kupotea kwa stima ambako si kwa stima. Nazungumzia tokeni. Zahanati moja, sitaitaja, tokeni ziliisha Ijumaa jioni. Mhasibu alikuwa amekwenda kwao, simu imezimwa. Jumatatu friji ilikuwa na joto kama kabati. Stima ilikuwepo kijijini wikendi nzima, jirani anasikiliza redio! Kamati iliyonunua friji nzuri ilishindwa na tokeni za shilingi mia tano.

Halafu stima ya mwisho wa laini. Jioni watu wote wakiwasha, taa inakuwa nyekundu. Kompresa ya friji inajaribu kuanza, haiwezi, inaungua. Au stima inarudi kwa kishindo na kuiua. Kwa hiyo bei ya friji si ya friji peke yake, ni friji pamoja na stabilaiza yake. Muuzaji akisema haihitajiki, ondokeni dukani.

Nasisitiza, nikisema friji ya stima ya chanjo simaanishi ile ya milango miwili ya dukani Makutano au Embu mjini yenye friza juu. Hiyo ni ya familia. Rafu ya karibu na friza inagandisha, mlango ni joto, na stima ikipotea saa chache tu yamekwisha. Ninayosema ni ile inayofunguka kwa juu kama sanduku, ambayo kuta zake za ndani zimezungukwa na barafu au maji. Hiyo, ili ikubaliwe na Shirika la Afya Duniani, lazima ishike baridi si chini ya saa 20 bila stima, chumba kikiwa na joto la nyuzi 43. Tharaka haijafika 43. Nyingine zinashika siku kadhaa. Mkiwa dukani ulizeni hilo kwanza, kabla ya rangi na ukubwa: ukiikata stima sasa, inashika saa ngapi?

Mtaona nimeanza kuhama kutoka kwenye swali lenu. Gesi au stima ni swali la chakula cha friji. Mimi nawauliza friji inakaa na njaa kwa muda gani kabla haijafa. Ya gesi ya kawaida, mtungi ukiisha saa nne usiku, asubuhi umechelewa. Ndiyo maana hata wafadhili wakubwa wameiacha. Mpango wa Gavi wa kuboresha friji za chanjo, ulioanza mwaka 2016, haugharamii za gesi wala za mafuta ya taa.

Na kwa zile zahanati ambazo daftari la mlinzi litaonyesha stima ni haba, iko ya jua. Najua mna kinyongo. Miaka ya 1990 sola nyingi zilikuja na betri, betri zikafa baada ya miaka michache, nyingine zikaishia kuwasha televisheni ya mtu. Za leo hazihitaji betri za kuhifadhi. Jua linaendesha kompresa moja kwa moja mchana, kompresa inatengeneza barafu, barafu inashika usiku. Ili ikubaliwe, lazima ivumilie siku tatu bila jua la maana. Kwa Ishiara na Marimanti ni kama ilitengenezewa huko. Kwa wale wa juu mlimani, au Nyambene, ukungu wa Julai ni wa kufikiria. Chagueni inayoshika zaidi ya siku tatu, na huko juu kwa kawaida stima ni bora kidogo, kwa hiyo pengine hamna haja nayo. Ni ghali kununua, baadaye hamnunui gesi wala tokeni. Kateni matawi ya mwembe yanayotia kivuli kwenye paneli, na muweke mlinzi, maana wezi wanazipenda paneli.

Nirudi kwa wenye friji ya karavani. Ni jamaa ya ile ya Platen na Munters. Hata kampuni ya Dometic inayojulikana sana kwa friji za karavani ilitokana na Electrolux. Inakula vitu vitatu: gesi, stima ya nyumba, na stima ya betri ya gari. Mtu akisikia vitatu anaona ni baraka mara tatu. Lakini nawaambia, kwa chanjo haifai. Imetengenezwa kwa mtu anayepoza maziwa na nyama kambini, kwenye nchi ya baridi, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Ninyi mtaiweka kwenye gari linaloinama kila korongo kati ya hapa na mtoni. Huwezi kuendesha gari moto wa gesi ukiwa unawaka nyuma, halafu mwingie kituo cha petroli. Huo ni ukichaa. Mkiiweka kwenye betri, inavuta kama ampea 10. Betri ya ampea-saa 70 mnaimaliza kwa saa 7, na gari litakataa kuwaka kabla ya hapo, mkiwa huko huko kliniki chini ya mti.

Kliniki ya kuzunguka haihitaji friji kabisa. Inahitaji kasha zuri la baridi, kibebeo kidogo cha kuanikia kazi, na pakiti za barafu. Kasha lililokubaliwa linashika siku mbili na zaidi, nanyi mnatoka asubuhi na kurudi jioni. Lakini pakiti zikitoka friza msizipange papo hapo. Ziacheni mezani mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo uzipange na chanjo. Msipofanya hivyo, mtagandisha dawa ndani ya kasha mlilolinunua ili kuiokoa. Wauguzi mnajua hili. Nalisema kwa ajili ya dereva, kwa sababu mara nyingi ni dereva anayepakia.

Jambo la mwisho kabla ya maswali. Msinunue chochote kabla ya kumwona muuguzi msimamizi wa chanjo wa kaunti ndogo yenu. Chanjo ni za serikali, anayewapa chanjo ndiye anayejua friji gani inakubaliwa, na pengine iko moja imepangiwa zahanati yenu nanyi hamjui. Kisha kwenye mkutano wa kamati andikeni majina mawili ya watu watakaosoma kipimajoto asubuhi na jioni, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Mawili, kwa sababu mmoja ataugua. Kama majina hayapatikani, basi pesa zikae benki kwanza.

Naona mama mmoja ameinua mkono. Ndiyo, mama.

(Swali: Sisi tayari tuna friji ya gesi, inafanya kazi, tulichangiwa. Tuitupe?)

Hapana mama, msiitupe. Mpaka mpate nyingine, iwekeni sawa kwa bakuli la maji, chumba chenye hewa, mtungi wa pili kando, na chanjo za kuganda zikae mbali na ukuta wa baridi. Mkiwa na shaka kichupa kimeganda, muuguzi anajua kukitikisa pamoja na kingine kilichogandishwa makusudi, na kuangalia kipi kinazama upesi. Siku friji mpya ikifika, hiyo ya gesi ipelekeni jikoni kwa wafanyakazi. Sasa hivi najua soda zao mnazificha ndani ya friji ya chanjo, na kila anayefungua kuchukua soda anaingiza joto. Wapeni friji yao.